Yasini ya Safari ya Saigon

Jamani, kuna aibu ya kuteleza njiani ukaanguka, ukasimama, ukajipangusa na maisha yakaendelea, na kuna aibu ya kulala kwenye kochi lako mwenyewe, hapa hapa Harrow, London, umefunikwa blanketi mpaka kidevuni, wanawake wamejaa sebule nzima wanakusomea Yasini wakiamini uko mahututi, na wewe huna hata mafua. Hiyo ya pili ni yangu mimi. Kwa muda mrefu niliwaomba watu wasinikumbushe, lakini kwa kuwa kila harusi nikiingia naona wanapigana viwiko, bora niisimulie mwenyewe ilivyokuwa kuliko kuachia wengine wakaitia chumvi (ingawa sidhani kama ina pa kuongezwa chumvi).

Chanzo ni safari. Mimi na mume wangu Haroub, dereva wa basi, mtu mnene, mpole, anayeniogopa kidogo, tulikuwa tunajiandaa kwenda Vietnam, mji wa Ho Chi Minh, ambao mwenzangu wa kazini aliyezaliwa huko anauita Saigon mpaka leo, nami nikamfuata. Kila tukipumzika pale kwenye nyumba ya wazee tunakofanya kazi alikuwa akinisifia mji huo, mpaka nikaona nikifa sijauona nitakuwa nimedhulumiwa. Basi nikaanza kupanga. Na mimi nikipanga jambo sipangi kama watu, napanga kama mtu anayekimbizwa. Hoteli iwe ya kufika msikitini kwa miguu, na karibu na msikiti kuwe na chakula cha halali. Siku ya kwanza tusifanye kitu, tulale. Siku ya pili soko la Ben Thanh asubuhi kabla jua halijawa kali. Siku nyingine mahandaki ya vita ya Cu Chi (hapo nilikosa raha kabisa, maana nilitazama picha ya lile tundu la kuingilia, nikamtazama Haroub, nikatazama tundu tena). Siku nyingine mto Mekong. Na siku moja niliiacha tupu kwa ajili ya mvua, halafu nikaingiwa na wasiwasi kwamba je, mvua ikinyesha siku ambayo si tupu? Nikapangua yote nikaanza upya. Haroub akaniuliza, "Ramla, tunakwenda kutembea au tunakwenda vitani?"

Lakini hofu yangu kubwa haikuwa mvua wala mahandaki, ilikuwa husuda. Kwetu Unguja safari haitangazwi, na aliyenitia hilo kichwani ni Shangazi Mwanakheri, dada yake baba, aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki nikiwa mdogo, akaja nami huku London, na sasa anakaa mitaa michache tu kutoka kwangu na binti yake Nassra. Shangazi husema mimba changa na safari havisemwi mpaka vionekane vyenyewe. Na kweli, mwaka mmoja tulitangaza kwamba tunakwenda Istanbul, kila mtu akatuambia "hongereni, mmepata," na wiki ile ile Haroub akavunjika mguu kwenye ngazi ya basi lake mwenyewe. Basi safari hii nikaamua asijue mtu. Asijue yeyote, hata Shangazi, tutapeleka picha tukishafika. Uamuzi mdogo tu, jamani, wa kujilinda.

Mambo yakaanza kuharibika siku niliyokwenda kliniki kuchomwa sindano za safari. Natoka mlangoni nimeushika mkono, nani nakutana naye? Bi Time, kiongozi wa grupu letu la WhatsApp la kina mama, mtu ambaye ukipiga chafya Harrow yeye anaisikia akiwa kwake Stanmore.

"Una nini, mwanangu, mbona hospitali?"

"Nimechomwa sindano tu, Bi Time. Niombeeni dua."

Hiyo "niombeeni dua" ilinitoka kama inavyotutoka sote kwa kila kitu, hata mtu akienda kufanya mtihani wa gari, lakini nilimwona Bi Time anakunja uso, ananitazama mkono, halafu ananishika bega kwa upole ambao sijapata kuuona kwake. Nikajua nimekosea pahala, ila sikujua ni wapi, na sikutaka kurekebisha kwa sababu kurekebisha ni kutaja safari.

Haya, hapo pengine ningepona, lakini kadiri siku zilivyokaribia hofu ya ndege ikanizidi. Saa zote zile angani! Na kwetu mtu hasafiri bila kuomba radhi, maana huwezi kujua kama utarudi. Sasa utaombaje radhi bila kusema kwamba unasafiri? Mwenye akili angeacha. Mimi nikapiga simu. Nikampigia Shangazi, nikamwambia, "Shangazi, nakuomba radhi, kama nimekukosea popote nisamehe."

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini, mwanangu?"

"Hivyo tu. Binadamu hajui siku yake."

Wallahi hivyo ndivyo nilivyomjibu mwanamke aliyenilea! Halafu nikampigia Bi Time, nikamwambia maneno hayo hayo, na kwa kuwa sitaki maua yangu ya dirishani yafe, nikampelekea vyungu vyote nyumbani kwake nikamwambia "nitunzie." Kuanzia hapo Shangazi akawa ananipigia kila asubuhi kuniuliza kama nimekula, na watu nisiowasiliana nao wakaanza kuniletea ujumbe wa kunitakia subira. Nami nikawa najifariji kwamba ni mapenzi tu.

Ikafika Jumapili ya mwisho, kesho yake ndiyo tunaruka. Begi kubwa liko wazi katikati ya sebule, na kwenye televisheni nimeweka video ya kumfundisha mgeni kuvuka barabara za Saigon, ambako pikipiki ni nyingi kama siafu na hazikusimamii. Mwenye video anasema ukishaanza kuvuka usikimbie, usisimame, usirudi nyuma, tembea polepole, zenyewe zitakupita. Nilimwambia Haroub lazima tufanye mazoezi. Basi nikavaa nguo zangu zote za safari, suruali ya mifuko mingi, shati la kuzuia mbu, viatu vizito vya kutembelea, na Haroub akawa ndiye pikipiki, anazunguka meza mbio anapiga honi kwa mdomo, jasho linamtiririka, nami navuka kutoka kwenye kabati kwenda kwenye kochi nikisoma Ayatul Kursi. Ndipo kengele ikalia.

Nikachungulia pazia. Mlangoni kulikuwa na Shangazi, nyuma yake Bi Time, nyuma yake Nassra, na nyuma yao kina mama wa grupu karibu wote, na masufuria yaliyofungwa kanga, na misahafu mikononi.

Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mlango na kusema ukweli. Nilichofanya ni kusukuma begi nyuma ya pazia, kuzima televisheni, kujitupa kwenye kochi na kujivuta blanketi, viatu miguuni, na kumwambia Haroub kwa mnong'ono, "Naumwa, usiulize."

Maskini Haroub akafungua mlango anahema, macho mekundu, uso umelowa jasho, nao wakadhani ni kilio. Bi Time akamkumbatia kabisa. "Pole, baba. Mungu ndiye mpaji wa shifaa." Wakaingia kwa kunyata, wakajaa kwenye viti na kwenye zulia, na Shangazi akaja kuketi mwisho wa kochi, akaniwekea mkono miguuni juu ya blanketi. Nikamwona anashtuka. Akaipapasa tena, huku, na huku. Alikuwa anapapasa viatu.

"Lahaula," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Miguu imeshakuwa migumu."

Jamani, nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nilichoweza ni kufumba macho. Wakaanza Yasini. Ogopa sana kulala unadanganya huku unasomewa Qurani kwa sauti za watu wanaokupenda. Nilikuwa naona kwa hakika kwamba Mungu atanitia ugonjwa kweli pale pale, nikaanza kujipima homa kimoyomoyo, nikahisi hata kifua kinabana. Nikajiambia, wakimaliza watakula, wataondoka, kesho nitaruka, na nikirudi nitasema nimepona. Ndiyo, nilikuwa bado napanga.

Hapo Nassra, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza kama watoto wote waliozaliwa huku, akaniinamia sikioni. "Mum's cancelled her umrah," akaninong'oneza. "She was going on Tuesday. She said she's not leaving you like this."

Nilifumbua macho. Umra? Umra gani hiyo ya Jumanne aliyoivunja kwa ajili yangu? Nilikuwa sijui hata kama alikata tiketi. Kumbe na yeye alikuwa kaificha yake, hakumwambia mtu yeyote isipokuwa binti yake, kama alivyonifundisha mimi. Huyu ni mwanamke ambaye kila Ramadhani ikiisha husema mwaka huu nitakwenda, na kila mwaka kunakuwa na la kumzuia, na sasa magoti yanamwisha na daktari kamwambia akichelewa hataweza kutembea mwendo ule. Nikamuuliza Nassra kwa mnong'ono kama bado inawezekana arudishiwe nafasi yake. Akatikisa kichwa. Nafasi alishapewa mwanamke mwingine, jina limeshaingia.

Hapo niliogopa kweli, sasa si kuogopa kuaibika. Niliogopa kwamba jambo nimeshaliharibu na halitengenezeki. Na bado, nawaambia ukweli, nilifumba macho tena nikaendelea kuwa mgonjwa.

Bi Time ndiye aliyeniokoa, au aliyenimaliza. Alijisogeza vizuri kwenye kiti chake, na chini ya mto wa kile kiti kulikuwa na rimoti. Televisheni ikawaka kwa sauti yote. Honi, pikipiki, makelele ya barabarani, na yule mwenye video anapaza sauti akitukaribisha Saigon, akitwambia tuchukue maji mengi na tusisahau tiketi zetu. Yasini ikakatika. Haroub akatoka jikoni mbio na sinia la chai, akasimama mbele ya televisheni akajaribu kuiziba na tumbo, akasema, "Ya jirani hiyo!"

Shangazi alikuwa ananitazama mimi.

"Ramla. Hii nini?"

Ningeweza kudanganya tena, na nawaahidi uwongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini mkono wake ulikuwa bado juu ya miguu yangu. Nikalitupa blanketi, nikasimama mbele ya watu wote na suruali yangu ya mifuko na viatu vyangu vya kutembelea, nikasema, "Siumwi. Sijawahi kuumwa. Tunasafiri kesho, tunakwenda Vietnam kutembea, sindano zilikuwa za safari, na radhi niliomba kwa ajili ya ndege. Niliogopa kusema."

Bi Time akasema taratibu, "Mimi nimefunga swaumu kwa ajili yako, Ramla," na mama mmoja kule kwenye zulia akaanza kucheka akashindwa kujizuia, mwingine akamkemea, na mwingine akanyanyuka akachukua sufuria lake la biriani akasema hili lilikuwa la mgonjwa. Wakaondoka mmoja mmoja bila kugusa chai. Nassra akatangulia garini.

Shangazi akabaki. Nikapiga magoti mbele yake nikalia kama mtoto, nikamwambia nisamehe, Umra nitakulipia mimi, safari naivunja, siendi kokote. Akasema nisiivunje, tiketi mbili zikipotea hazimrudishii yeye yake. Nami katika kuchanganyikiwa kwangu nikajitetea, nikamwambia, "Wewe mwenyewe ulinifundisha, Shangazi. Ulisema watu wasiambiwe safari."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Nilikwambia usiwambie watu," akasema. "Mimi nami ni watu?"

Akajifunga mtandio wake, akashika magoti akasimama kwa tabu.

"Ile siku ulonipigia kuomba radhi, simu nilikuwa n'nayo mkononi. Nataka kukupigia weye, nikwambie n'nakwenda Umra. Nilikuwa sijamwambia mwengine ila Nassra, na wa pili ulikuwa uwe weye. Ukanitangulia."

Tulikwenda Saigon. Tulifanya yote niliyoyapanga na kwa siku nilizozipanga, na mvua haikunyesha siku isiyo yake, na Haroub wala hakukwama handakini kwa sababu alikataa kuingia. Msikiti ulikuwa karibu na hoteli kweli, nikawa naingia pale kila alasiri nakaa upande wa wanawake, sisomi kitu cha maana, nalia tu, na bibi mmoja wa huko akawa ananiletea maji.

Sasa nimeapa sifichi safari tena. Nikienda hata Birmingham kwa siku moja naliandikia grupu zima, mpaka Bi Time kaniambia inatosha. Kila Jumapili nampelekea Shangazi chakula, tunakula, tunazungumza, ananicheka, ananisimulia habari za magoti yake. Tiketi nimemwambia mara nyingi nitanunua mimi, anasema Mungu akijaalia. Amepanga tena au hajapanga, atakwenda lini, na nani, sijui. Haniambii, nami siwezi kumuuliza, kwa sababu safari haisemwi kwa watu, na mimi sasa ni watu.