Fundi Kimya na Visanduku Vinne

Ujumbe ulimkuta Fundi Kimya amepiga magoti katika bafu la watu, mikono imejaa saruji, zimebaki safu mbili za vigae afike mlangoni. Simu ililia mfukoni. Alijifuta vidole kwenye suruali, akasoma, akasoma tena, halafu akajikuta amekaa kitako juu ya vigae alivyotoka kuvibandika muda huo huo, kosa ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na tisa ya ufundi wake.

Ujumbe ulitoka kwa mwalimu wa darasa la tatu. "Habari za kazi, baba. Tumepokea fomu yako ya shughuli za muhula huu. Tumefurahi mno kuona umejitolea kwa zote nne. Ni wewe peke yako uliyefanya hivyo. Karibu Alhamisi saa nne, uanze na hadithi."

Zote nne! Na fomu yenyewe hakuwa ameiona hata kwa mbali.

Jina la Kimya alipewa na mafundi wenzake, wala halikuwa la ubaya. Tangu utotoni alikuwa na kigugumizi. Neno lilimfika kooni likasimama pale kama mgeni asiyejua mlango uko wapi. Alipokuwa mwanafunzi, zamu yake ya kusoma ikifika, wenzake walianza kucheka hata kabla hajafungua kitabu, na siku moja mwalimu naye akacheka. Kuanzia hapo akajifunza kuongea kwa kichwa, kwa mabega na kwa nyusi. Kazi ya vigae ilimfaa sana. Kigae hakikuulizi kitu. Ukikiwekea pimamaji, kiputo kikatulia katikati, mmemalizana. Mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuwa mtu wa kwanza katika maisha yake kumngoja amalize sentensi bila kumsaidia kuimalizia. Ndiyo sababu alimwoa, ingawa watu walidhani ni kwa ajili ya uzuri.

Mambo ya shule yalikuwa ya mke. Fundi alimfikisha tu binti yao getini, akampungia mkono, akageuka mbio kama aliyeacha jiko linawaka.

Binti mwenyewe alikuwa na miaka tisa, na nyumbani hata shuleni walimwita Cherehani, maana mdomo wake ukianza kushona hauachi mpaka uzi uishe. Jioni hiyo baba yake alimkalisha mezani.

"Fo-fomu ya shule. Nani kaijaza?"

"Mimi, baba," alijibu bila kupepesa macho. "Mama alikuwa zamu, wewe ulikuwa umelala kwenye kochi na viatu, nikasema nisikusumbue. Imeandikwa, weka alama pale familia itakaposhiriki. Visanduku viko vinne. Kusoma hadithi darasani, kukarabati shule, michezo, na kuzungumza kwa niaba ya wazazi siku ya wazazi. Sasa baba, ningeacha kimoja, si kingebaki mpweke?"

"Na sa-sahihi?"

"Nikaandika Baba. Kwani si ndiyo jina lako?"

Mama yake, aliyekuwa anakunywa chai, aliinuka taratibu akaenda jikoni. Wakamsikia huko akicheka mpaka sufuria ikaanguka.

Fundi alimfuata. Akamwomba apite shuleni, amweleze mwalimu kwamba mtoto amekosea.

"Mume wangu, unajua nimehamishiwa zamu ya asubuhi mpaka muhula uishe," alisema mkewe akijifuta machozi ya kicheko. "Nenda mwenyewe. Mwambie samahani, sitaweza. Maneno mawili tu."

Kesho yake alivuka lile geti kwa mara ya kwanza. Njia nzima alikuwa akiyarudia yale maneno mawili kichwani, na kichwani yalitiririka kama maji. Mwalimu alikuwa msichana bado, mkono wa blauzi umejaa chaki, kifuani amekumbatia rundo la madaftari. Alipoambiwa huyu ndiye baba yake Cherehani, aliyaweka chini madaftari yote.

Fundi akavuta pumzi. Samahani aliiruka, akaona aende moja kwa moja kwenye sitaweza. "Si... si... si..."

"Si neno?" mwalimu alidakia, uso umemchanua. "Ah, baba, ubarikiwe! Roho yangu haikuwa imetulia, nikidhani labda ulijaza kwa bahati mbaya. Nimeshawaambia watoto, hawalali kwa furaha!"

Kabla silabi ya pili haijapatikana, kitabu kilikuwa mkononi mwake. Kilikuwa na picha ya kiboko. Nusu ya kwanza ya njia ya kurudi alikasirika. Nusu ya pili alijikuta anacheka peke yake barabarani, si neno, si neno, hadi mama mmoja aliyekuwa anakuja mbele yake akavuka akapita upande wa pili.

Siku mbili zilizobaki alisomea mabafuni. Bafu tupu lina mwangwi, na hakuna mtu. Au alidhani hakuna, kwa sababu fundi bomba aliyekuwa chumba cha pili alichungulia akauliza, "Jamani, mmenifungia kiboko humu?"

Alhamisi saa nne watoto arobaini na wawili walikuwa wamekaa mkekani. Fundi alipewa kiti kidogo cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni. Hadithi ilimhusu kiboko aliyeona haya kutoka majini kwa sababu makalio yake yalikuwa makubwa. Mistari miwili ya kwanza ilipita salama. Wa tatu ulianza na kiboko mwenyewe.

"Ki... ki... ki... ki..."

Alikisikia kile kicheko cha zamani kikija, akajiandaa kukipokea, lakini hakikuja. Aliinua macho kidogo. Watoto walikuwa wamerefusha shingo, midomo wazi, wengine wameshikana mikono. Walidhani ni kiboko anayejikongoja kutoka majini.

"Ki... ki... kiboko!"

"KIBOKO!" darasa zima likalipuka.

Ukurasa wa pili kiboko alijaribu tena kutoka, na neno likakwama tena, na safari hii watoto walisukuma pamoja naye kwa sauti za chini, ki, ki, ki, kama wanaosukuma gari lililozima. Alipotoka walipiga makofi. Ukurasa wa nne, kwa maajabu, fundi alitamka kiboko mara moja, laini kabisa. Ghasia ikazuka.

"Aaa! Siyo hivyo! Rudia!"

Akarudia. Ikabidi atafute kigugumizi kwa makusudi, kitu ambacho hakuwahi kuota angekifanya, na alipokitafuta kikamkimbia, mpaka yeye mwenyewe akacheka mbele ya watu.

Mwisho wa hadithi mtoto mmoja wa mbele, pengo kubwa mdomoni, alinyoosha mkono. "Mbona maneno yako yanakwama?"

Mwalimu alitaka kumkanya. Fundi alimzuia kwa kiganja.

"Ya-yanakwama tu. Na-nasubiri, halafu yanatoka."

"Hata mjomba wangu," alisema yule wa pengo. "Lakini akiimba hayakwami. Wewe ukiimba?"

"Si-sijui kuimba."

Mtoto aliwaza kidogo. "Basi endelea kusubiri," akamruhusu.

Jumamosi ya ukarabati ilikuwa siku yake, hilo lilionekana tangu alipotelemsha ndoo. Mwalimu mkuu alikuwa amepanga wazazi wapake chokaa na kufagia. Fundi aliinama pale watoto wanaponawia mikono, akagonga sakafu kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa. Ilikuwa imepasuka na inateleza. Alikuwa amekuja na vipande vya vigae vilivyobaki kwenye kazi zake, vya rangi kumi au zaidi, na nyundo ya mpira. Ndani ya robo saa alikuwa na vibarua sita: mhasibu mmoja mwenye kucha safi alikoroga saruji, wawili walichota maji, na dereva wa basi alibandika. Kwenye kazi fundi hakuhitaji hotuba. Hapa. Sawa. Toa. Kigae kimoja alimwambia dereva akitoe mara tatu.

"Baba Cherehani, hata mke wangu hanirudishi mara tatu!"

"Mkeo ha-hana pimamaji."

Watu walicheka mpaka mhasibu akamwaga saruji kwenye viatu. Cherehani na wenzake ndio waliochagua rangi, kwa kelele kubwa na bila mpangilio wowote, na jioni sakafu ilikuwa inang'aa kama shuka la viraka.

Michezo ndiyo iliyompa hofu ya aina nyingine. Katika mbio za miguu mitatu, kila mzazi alipaswa kufungwa mguu na bibi au babu wa mtoto. Kwa Cherehani, bibi aliyekuwepo ni mmoja tu: mama mkwe wake, fundi cherehani mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Kwa miaka kumi na mitatu wale wawili walikuwa wameishi kwa heshima kubwa na kwa umbali wa meza nzima.

Siku ilipofika alimkuta amekwishavua viatu, kanga ameifunga kiunoni.

"Shi-shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, shikamoo haitatufikisha kule. Funga kamba."

Filimbi ikalia. Hatua ya kwanza mama alikwenda kushoto, fundi kulia. Hatua ya tatu mama alimkumbatia mkwewe kiunoni kama gunia na kumwamuru, "Moja! Mbili! Moja! Baba, huo ni moja huo?" Kamba iliwakata, kanga ikafunguka, uwanja mzima ukawa unahesabu pamoja nao. Walianguka mara mbili. Walishika nafasi ya nne kati ya tano, kwa kuwa wale wa tano walikuwa bado wanabishana kuhusu fundo.

Walipokuwa wamelala kwenye majani wakihema, mama mkwe aligeuza kichwa. "Miaka yote hii nimedhani hunipendi. Kila nikija umejificha kwenye kazi. Kumbe unaogopa kuongea tu?"

Fundi aliangalia mawingu. "Na wewe pia na-nakuogopa. Kidogo."

Mama alicheka mpaka ikabidi aletewe maji.

Kikabaki kisanduku cha mwisho. Siku ya wazazi ukumbi ulijaa, viti vya plastiki vikaisha, watu wakasimama ukutani. Kipaza sauti kilikuwa kinapiga mluzi. Fundi alikuwa na karatasi yenye mistari kumi aliyoiandika na kuifuta wiki nzima. Mkewe alikuwa amesema atajaribu kuomba ruhusa, ila asimtegemee. Darasa la tatu lilikaa sakafuni mbele kabisa, na Cherehani, safari hii, uzi ulikuwa umemkatikia. Alikuwa ameuma ukosi wa shati.

"Wa... wa... wa... wa..."

Kipaza sauti kiliikuza kila "wa" ikagonga kuta. Nyuma kabisa mtu aliachia kicheko kifupi. Fundi alikisikia, na miguu ikataka kwenda. Halafu akawaona watoto wa mbele. Wote arobaini na wawili walikuwa wamerefusha shingo, wanangoja, hawana hata shaka kwamba neno litafika.

"Wazazi wenzangu."

Likafika. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Mi-mimi nilipokuwa darasa la tatu nilichekwa. Nikaamua shule si mahali pangu. Binti yangu nimemleta getini mi-miaka mitatu, sikuingia hata siku moja. Muhula huu nimeingizwa kwa nguvu." Ukumbi ukacheka, na hata yeye akatabasamu. "Nimekuta watoto wanaojua kumngoja mtu. Wa-walimu, hilo halimo kwenye ripoti. Lakini mmewafundisha. A-asanteni."

Alipoketi hakusikia makofi vizuri, masikio yalikuwa yanavuma. Aliona tu mama mkwe amesimama juu ya kiti, na mlangoni mkewe akiwa bado na sare ya kazi, anapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa.

Baadaye watu walitawanyika uwanjani, ambako shule ilikuwa imeandaa meza ya matunda. Mama mmoja muuza viatu alimfuata kwenye benchi, amemshika mkono binti wa darasa la kwanza. "Samahani, baba. Huyu wangu hataki kuongea shuleni. Leo amesema anataka kukusalimia. Amesema mwenyewe."

Fundi akasogea, akampisha nafasi. Mtoto akapanda akakaa, miguu inaning'inia. Alimwangalia fundi kwa muda mrefu, kisha akafungua mdomo. "Ma... ma... ma..."

Cherehani alikuwa amefika mbio, amebeba kofia ya bibi. "Mama?" akadandia. "Maji? Unataka ma..."

Baba yake aliinua kidole kimoja tu. Cherehani akafunga mdomo, akakaa majanini, akangoja kama wengine. Fundi alikuwa ametulia tuli, hana haraka ya kitu chochote duniani.

"Ma... machungwa yameisha?"

"Si-sijui," alisema fundi. "Twende tu-tukaangalie."

Wakainuka wote, mtoto amemshika kidole, wakaelekea kwenye meza ya matunda.