Bibi Harusi Aliyeingia Newala kwa Rivasi

Nawaambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hamjaipata kwa watu wa Newala, maana wale wakishaishika stori wanaitia nazi mpaka haitambuliki. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye niliyemwaga maji ya harusi. Hadi leo nikipita mtaa ule watoto wanaacha mpira wao, wananipa mgongo na kutembea kinyumenyume huku wananguruma kama gari, na mama zao, badala ya kuwakanya, wanacheka mpaka wanashikilia milango.

Kwa asiyenijua, naitwa Hasani, fundi pale gereji ya Baba Fikiri, Masasi. Chuo sikwenda. Ufundi nimejifunza kwa magari mabovu yaliyotupwa nyuma ya gereji, nafungua, nafunga, nati inabaki mkononi, nafungua tena. Na hasira ninazo, sikatai (mama anasema alinizaa mchana wa jua kali, joto likabaki humo humo).

Sasa dada yangu Somoe, binti wa mama mdogo, alikuwa anaolewa kutoka kwetu Chiwata kwenda Newala. Huyu Somoe ndiye aliyeuza kanga zake mpya, hazijavaliwa hata siku moja, nikapata spana zangu za kwanza, kwa hiyo ukimgusa Somoe umenigusa jicho. Na alikuwa ameshaguswa: uchumba wake wa kwanza ulivunjika watu wameshaanza kukodi masufuria, na midomo ya kijiji ikasema yule hata akiolewa atarudi tu, ana nyota ya kurudi. Kwa hiyo siku hii ilikuwa lazima aende, afike, aingie, na pasiwe na mtu wa kusema neno.

Upande wa bwana harusi wakaleta habari kwamba watakuja kumchukua na saluni nyeupe, gari dogo la chini chini, dereva Chitanda. Huyu Chitanda ni mtani wetu, na mtani mnamjua, ana ruhusa ya kukutukana hata msibani na wewe unatakiwa ucheke. Nikawaka hapo hapo. "Saluni ipande ule mchanga? Ikwame katikati, bibi harusi ashuke asukume? Somoe hapandi gari la kuazima kwa hisani ya watu wakati mimi nina mikono!" Nikaenda kwa Baba Fikiri kuazima pikapu yake ya foo-wili (nayo ni gari la kuazima, najua, msinikate stori).

Baba Fikiri akasema, "Chukua, Hasani. Lakini transifa uifanyie sevisi kwanza, nimeisahau siku nyingi."

Transifa, kwa wale mnaojua kupanda tu na kushuka, ni lile boksi dogo lililo nyuma ya gia boksi. Kazi yake ni kama ya mama mwenye mwiko: nguvu ikitoka kwenye injini, yeye ndiye anayegawa, akitaka anawapa tairi za nyuma peke yao, akitaka anawapa na za mbele. Ile gia fupi iliyo pembeni ya gia kubwa ndiyo mwiko wenyewe. Ukiiweka pa kawaida unaenda na tairi mbili, ukiingiza foo-wili zinavuta zote nne, ukiingiza lo zinavuta zote nne vilevile, gari linakwenda polepole kama mzee lakini lina nguvu ya kung'oa mkorosho. Na pale katikati pana sehemu ambayo transifa haimpi mtu chochote, injini itapiga kelele mpaka ichoke na gari halina habari. Kumbukeni hapo katikati, tutarudi.

Sevisi niliifanya kama mtu anayemtengeneza mama yake. Nikaanza kufungua nati ya juu, ya kujazia, kabla ya ile ya chini ya kumwagia, maana wapo mafundi wanamwaga oili yote halafu ya juu inagoma, gari linalala pale kavu kama mgonjwa. Oili iliyotoka ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yameingia. Nikazibua kile kimpira cha kupumulia kilichojaa udongo, nikabadilisha sili, nikafuta chenga za chuma, nikamwaga oili mpya ya gia mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la juu, hapo ndipo unajua imetosha. Nikapaka grisi kwenye kamba na viungo vyote vya ile gia fupi. Ilikuwa inaingia kwa kidole kimoja! Nikaita watu waje wajaribu. Nikamfundisha hadi muuza karanga: "Foo-wili ni ya mchanga na matope. Ukigusa lami, toa. Usipotoa, itakutoa wewe." Maneno yangu hayo. Mimi. Huyu huyu.

Basi siku ikafika, nikaha ikapita salama, sanduku la Somoe likakataa kuenea kwenye pikapu, nikatoa jeki nikaiacha kwa mama mdogo (jeki ya nini, gari limefanyiwa sevisi na Hasani?). Mbele tukakaa watatu, mimi, Somoe na shela lake, na Bibi Asumini, kungwi aliyemfunda. Kabla sijawasha, Bibi Asumini akanishika mkono.

"Wewe kijana, unisikie. Mwali akishatoka kwao gari halirudi nyuma. Likirudi nyuma hata hatua moja, na yeye atarudi. Na hakanyagi chini mpaka kwenye mkeka wa mlango wa mumewe."

"Bibi, mimi nyuma hata sipajui."

Tukaondoka, saluni ya Chitanda na wapambe kwenye msafara wetu. Kwenye kilima cha mchanga, kama nilivyosema, saluni ya Chitanda ikazama. Nikaingiza lo, nikamfunga kamba, nikamvuta kama mbuzi mbele ya wapambe wote, vigelegele nyuma yangu, na kusema kweli nilijisikia kama bwana harusi ni mimi. Tulipofika juu akafungua kamba, anajifuta vumbi. Nikajua kuna utani unachemka.

Tukagusa lami ya Newala. Mkono wangu ukaenda kwenye gia fupi nitoe, wallahi ulikuwa tayari upo juu yake. Chitanda akaja sambamba na dirisha langu.

"Shemeji! Hapa ni mjini, hapa kuna lami. Hicho kijiti chako sasa kakorogee uji!"

Somoe akacheka chini ya shela. Kidogo tu. Lakini niliusikia ule mcheko. Hasira zikanipanda kichwani. Nikapiga kelele, "Kijiti hiki kitaingia hivi hivi mpaka mlangoni kwenu!" Nikaacha lo mle mle, nikakanyaga mafuta, injini inalia kama mashine ya kukoboa, gari linakwenda mwendo wa mtu anayeenda sokoni bila hela.

Ukiiacha hivyo kwenye lami kinachotokea ni hiki: tairi za mbele na za nyuma zimefungwa pamoja kama watoto wawili waliofungwa mguu kwa mguu. Kwenye kona yule wa mbele ana njia ndefu kuliko wa nyuma. Kwenye mchanga mmoja anateleza kidogo, wanasameheana. Kwenye lami hakuna anayeteleza, kila mmoja anavuta kwake, na ugomvi wote unaingia ndani ya transifa, meno yanang'atana. Kona ya kwanza tairi zikalia. Kona ya pili usukani ukawa mzito kama unageuza nyumba. Na kona ya tatu ndiyo ya kichochoro cha kina Selemani, bwana harusi mwenyewe, watu wamejipanga, ngoma inapigwa, nikakata usukani kwa mikono yote miwili na gari likasema hapana. Likapita moja kwa moja mbele ya macho ya wakwe, likajivuta kidogo, likazima.

Ngoma ikanyamaza.

Nikavuta gia fupi. Imebana. Nikaivuta miguu ikiwa juu ya dashibodi. Bibi Asumini akaishika naye, tukavuta wote wawili, pete yake ikachubuka. Dawa naijua, fundi yeyote anaijua: inua tairi moja kwa jeki, au rudi nyuma hatua chache, meno yanaachiana yenyewe. Jeki ipo Chiwata kwa mama mdogo. Ikabaki kurudi nyuma.

"Bibi, nirudi kidogo tu..."

"Kidogo? Unataka umrudishe mwanangu mbele ya wakwe?" Na huko nje nikamsikia mwanamke mmoja anamwambia mwenzake, wala hajashusha sauti: "Si tulisema? Hata nyumbani kwa mume amepapita."

Chitanda naye keshafika dirishani. "Basi nimbebe mimi bibi harusi, mtani ni ndugu!" Bibi Asumini akamchapa na ncha ya mtandio. Nikafungua mlango nimfuate, na huenda stori hii ningewasimulia nikiwa mahabusu, ila Somoe akanivuta shati.

"Sani, kaa chini. Bibi, kwa mume wangu ni wapi?"

"Si pale nyuma, mwanangu, tumepapita."

"Basi nyuma ndiyo mbele." Akajikunja na shela lake lote, akapiga magoti juu ya kiti, akageukia kioo cha nyuma. "Natazama kwa mume wangu, naenda kwa mume wangu. Nani anarudi?"

Bibi Asumini akafikiri. Kisha akageuka naye, akapiga magoti, akapiga kigelegele. "Peleka!"

Nikawasha, nikaweka rivasi. Gari likaanza kuingia kichochoroni kwa makalio, ngoma ikaanza tena, watu wanapiga makofi, na mimi mkono mmoja usukani, kiwiko kimekandamiza ile gia fupi ili ikiachia tu niitoe (kwa nini nisisubiri gari lisimame? Hasira, jamani). Kichochoro kile kinashuka. Tairi za nyuma zikagusa mchanga, meno yakaachiana, kwaa! Gia ikaruka. Ikatua wapi? Pale katikati.

Injini ikapiga mayowe, hakuna inachoshika, na pikapu ikawa huru kama mbuzi aliyekata kamba. Mguu wangu bado upo kwenye mafuta. Breki za Baba Fikiri ni za kupampu mara kadhaa ndipo ziamke, hendi breki ni pambo. Wapiga ngoma wakatawanyika, mzee mmoja akaruka senyenge (mzee huyo tulikuwa tunaambiwa anaumwa nyonga), Somoe ananielekeza kama konda, "Kulia! Kulia kwako, siyo kwangu!" Nguzo ya turubai ikaenda, turubai likawafunika wazee wa mahari na Chitanda aliyekimbilia huko, na nyuma ya turubai palikuwa na mapipa ya maji.

Maji. Newala. Mnaelewa? Maji yale yalipandishwa kutoka bondeni, ya pilau, ya chai, ya kunawia harusi nzima. Pipa la kwanza likalala. Likamlaza la pili. La tatu likafikiri kidogo, nalo likalala. Ndipo breki zikaamka.

Mnasikia maji tu yanavyonywewa na mchanga.

Pikapu ilikuwa imesimama mlango wa Somoe ukitazamana na mkeka, kama nimepima. Akashuka, akakanyaga mkeka, mkeka ukafanya chwaka. Bibi Asumini akanyoosha mikono: "Mwali ameingia na maji! Baraka!"

Mama Selemani, mama mkwe, akatoka na mwiko mkononi. "Baraka ya nani? Pilau nipike kwa mate?"

Nikasema, "Shikamoo, mama." Ndicho kilichonijia. Hakuitikia marahaba.

Aliyeniokoa ni Chitanda, nachukia kulisema. Akatoka chini ya turubai, akatangaza kwamba mimi ni mtani wake, hukumu ni yake: nikateke maji mpaka mapipa yajae. Nikashukuru mapema. Kumbe na yeye anakuja. Akavaa kanga kichwani, akakaa kwenye kiti cha Somoe, na njia nzima, kila kundi la watu tulilopita, anatoa kichwa dirishani kwa sauti nyembamba: "Dereva, taratibu! Mwali harudi nyuma!" Pilau lililiwa usiku. Nilikula nimesimama, nguo mbichi.

Kijiti changu kiko pa kawaida siku hizi. Nikigusa lami mkono wangu unatoa foo-wili wenyewe, hata nikiwa kwenye baiskeli. Jeki haishuki garini, hata sanduku la malkia lingekuja. Na Chitanda akinichokoza nahesabu mpaka kumi (nafika nne).

Lakini Somoe hajarudi. Mwaka umepita, ana tumbo, anacheka, na wale wa midomo wametafuta mtu mwingine wa kumsema. Bibi Asumini amezunguka Newala nzima anasema siri ni ile rivasi. Juzi akaniletea ujumbe gereji: kuna mwali mwingine mtaa ule ule, na wakwe wamegoma, wanasema asipoingizwa kinyumenyume na yule yule kijana wa Masasi, hawapokei.

Nimekubali. Ila nimetoa sharti moja, na nimelirudia kwa Mama Selemani mwenyewe, ambaye safari hii aliitikia shikamoo yangu: maji yafichwe ndani.