Senene Nilizoonja Mbele ya Mgeni

Siku ile pale kwetu Kagoma tulikuwa wanne. Mimi. Mkamwana wangu, mjane wa mwanangu wa pili. Jirani yetu, ambaye mama yake na mama yangu walibatizwa siku moja. Na mgeni, mama wa Kiislamu mwenye duka Bukoba mjini. Baba yake alikuwa akinunua kahawa kwa marehemu mume wangu. Majina yao ninayo yote kichwani, ila hawakunituma niyaandike.

Mgeni huyo alikuwa akifadhili akina mama wenye biashara ndogo. Ukimridhisha, anakupa jiko la gesi na mifuko ya kufungia, na bidhaa yako anaiweka dukani kwake. Mkamwana wangu alikuwa anakaanga senene, wale panzi wetu wa kuliwa, kwa kuni na kuuza barabarani. Alishaniambia wazi, "Mama, huyu akinikataa, naenda visiwani kupikia wavuvi. Wajukuu utabaki nao."

Sasa, sisi wanawake tuliolelewa kwa mila ya Kihaya, senene tunazinyonyoa, tunazikaanga, lakini hatuzili. Zilikuwa za wanaume. Tuliambiwa mwanamke akila atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene. Kwa hiyo mwonjaji wetu alikuwa shemeji yangu, na asubuhi ile alikwenda kuzika Izimbya. Tukakaanga bila yeye, jirani akitusaidia.

Mgeni anapiga hodi, jirani akaninong'oneza, "Usihangaike, chumvi nimeshatia."

Mimi pia nilikuwa nimetia. Nikamgeukia mkamwana. "Na mimi," akasema, anaangalia chini.

Mgeni akaniamkia vizuri, akaketi, akauliza, "Nani huonja?"

"Baba mdogo," mkamwana akajibu. "Yuko msibani."

"Na asipokuwepo, mnauzaje kitu msichokijua? Mteja akinirudishia nimwambie nini? Haya, onja wewe mwenye biashara."

Mkamwana akachukua moja, akaipeleka mdomoni.

"Mwache!" jirani akadakia. "Bado kijana huyo. Akiolewa tena je?"

Mgeni akaanza kukusanya mkoba wake. Nikaona jiko linaondoka, nikaona na mtumbwi wa visiwani. Nikasema, "Leteni huku. Mimi uzazi ulishakoma. Hicho kichwa cha senene kitatokea wapi?"

Mgeni akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Mimi sikucheka. Nikafumba macho kama anayemeza dawa, nikatafuna.

Chumvi tupu! Nilitaka kusema ni tamu, lakini mkono wa mgeni ulishanyooka kwenye sahani. "Acha, mwanangu," nikasema. "Hizi hazifai. Tumetia chumvi watatu."

Mkamwana akajifunika uso kwa kitenge.

Mgeni akarudisha mkono. "Mbichi zimebaki?" Zilikuwepo, kidogo. "Basi kaanga upya. Chumvi atie mmoja, bibi aonje. Nikizipenda, tunaanza. Nisipozipenda, nimekwenda zangu."

Sijawahi kuona senene zinachelewa kuiva namna ile. Nikaonja, nikaonja tena. "Ongeza kidogo. Haya, epua."

Mgeni akala moja. Kisha akajaza kiganja.

Jiko lilikuja, na mkamwana yuko hapa hapa. Shemeji amenuna, kwa kuwa mwonjaji sasa ni mimi. Hata hivyo, kila mzigo ukienda Bukoba naogopa: ulimi wa mzee ukichoka, nani ataniambia?

Jirani siku hizi anaapa kwamba yeye hakutia chumvi kabisa. Mimi nakumbuka alitia. Lakini nimezeeka; wewe uliyekuwepo, au uliyesimuliwa na aliyekuwepo, kama nimemsingizia, pita nyumbani unisahihishe.