Mimba ya Mgongo

Kwa miezi kumi na minne niliamini kwamba nina mtoto mgongoni. Sisemi wa kubebwa kwa kitenge, kama mama yeyote anavyombeba wa kwake. Nasema ndani, kwenye nyama ya mgongo, amelala. Kule Kabambare nilikoolewa watu huiita mimba ya mugongo: mwanamke anashika mimba, mtoto anaogopa kitu au anachoka, basi anapanda mgongoni na kulala huko mpaka siku atakayoamua kushuka tumboni na kukua kama wenzake. Najua kuna watakaosoma haya na kucheka. Wacheke tu. Mimi mwenyewe nimeshacheka, lakini si mwaka ule.

Nilizaliwa Kasongo, katika nyumba ya wauza vitambaa, hatua chache kutoka msikitini. Nikaolewa Kabambare na mwalimu wa sekondari, mtoto wa pekee wa mama yake. Mimi ni fundi wa nguo, na cherehani yangu ilikaa barazani kwa mama mkwe, kwa sababu mwanga wa pale ni mzuri na yeye anapenda kusikia maneno ya wateja. Siku zangu za mwezi hazikuwahi kuwa na adabu tangu usichana. Zilikuja, zikapotea miezi mitatu, zikarudi bila kubisha hodi. Mwaka wa pili wa ndoa zikapotea moja kwa moja. Nilipimwa mkojo zahanati, wakasema hakuna mimba. Nikapimwa tena, wakasema vilevile. Mama mkwe akakichukua kile kijiti cha kupimia, akakigeuza huku na huku, akakitupa jalalani.

"Ile kijiti inapima tumbo," alisema. "Mutoto haiko mu tumbo, mama. Iko mu mugongo. Miye najua ile mambo."

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Majirani walikuwa wameanza kumwuliza mume wangu anangoja nini, na kuna shangazi yake mmoja aliyekuwa akimtajia mabinti wa kijiji cha Wamaza kana kwamba mimi sipo, nami nimekaa palepale nashona sketi yake. Ningemdunga na sindano. Lakini neno "mugongo" lilipotoka kinywani mwa mama mkwe, midomo yote ilifungwa. Mwenye mimba hafukuzwi, hata kama mimba yenyewe imelala. Nikapata heshima. Kisimani walinipisha, kwenye matanga walinitafutia kiti.

Mama mkwe alinitunza kama yai. Nisiegemee ukuta. Nisibebe mtoto wa mtu mgongoni, nitamminya wa kwangu. Nilale kwa ubavu. Kila siku jioni, kabla ya kupika, alipasha mawese kidogo kwenye kifuniko cha sufuria, akanilaza kwenye mkeka, akaanza kunisugua kuanzia mabegani kushuka kiunoni, akimsemesha mtoto kwa Kibangubangu. Mimi Kibangubangu changu ni cha sokoni, sikuelewa yote, ila nilielewa kwamba anambembeleza. Viganja vyake vilikuwa vikavu na vya moto. Sijawahi kupendwa hivyo na mtu asiye mama yangu mzazi, na nalisema hili wazi ili mtu asije akadhani nampeleka mahakamani.

Na dalili zilikuwepo! Kiuno changu kilinenepa. Nilikipima kila Ijumaa kwa futi yangu ya kushonea, na kila nilipoona kimeongezeka nilifurahi: anashuka, anakuja mbele. Shingo ikawa nyeusi kwa nyuma, kama imepakwa masizi, na haikutoka kwa sabuni wala kwa dodoki. Mama mkwe akasema mimba huwafanya watu weusi. Chunusi zikanijaa mashavuni, akasema damu inachemka. Kidevuni zikaota nywele ngumu, tatu, kisha saba, kisha nikaacha kuhesabu nikawa nazinyoa kwa wembe wa kukatia nyuzi. Hizo ndizo zilizomfurahisha zaidi. "Ni muvulana," alisema, akinishika kidevu. "Anakupatia ndevu zake."

Ramadhani ilipofika alinikataza kufunga. Mwenye mimba anaruhusiwa kula, atalipa baadaye. Saa sita mchana aliniletea uji wa mchele wenye sukari nyingi, ameufunika na sahani ili wapita njia wasiharibikiwe saumu, akasimama mlangoni mpaka niumalize. Nilikula mwezi mzima bila wasiwasi wowote, na chai na mandazi juu yake, kwa ajili ya wawili.

Miezi miwili baada ya Idi, mdogo wangu akawa anaolewa Kasongo. Mama mkwe hakutaka nipande pikipiki. Tulibishana siku tatu, na mimi nikikasirika huwa sisikii la mtu. Mwishowe akakubali, lakini alikunja kitenge mara nne, akanifunga nacho mgongoni kwa nguvu ili barabara isimtikise mtoto. Motari aliyenipakia kwenye pikipiki yake aliniangalia akauliza kama nimevunjika mbavu. Nikamwambia aangalie barabara yake. Mvua ilikuwa imeharibu madaraja, tukashuka mara nyingi kuliko tulivyopanda, na tulipopumzika Wamaza nikakifungua kile kitenge, nikakikung'uta tope, nikakifunga tena vizuri.

Kitenge hicho ndicho dada yangu mkubwa alichokiona nilipokuwa naoga uani kwa mama. Dada ni mkunga, na hana haya. Akaniuliza, nikamweleza.

"Miezi kumi na ine?" akasema. "Ata ngombe inazala mbele ya hapo."

Wanawake waliokuja kupika pilau ya harusi wakaangua kicheko. Nilimwita dada mwenye roho nyeusi. Nilimwambia ana wivu, yeye mwenye watoto sita, hebu fikiria. Akaacha kucheka, akanishika shingo kwa nyuma, akanigeuza kidevu kwenye mwanga. "Mudogo wangu," akasema kwa sauti nyingine kabisa, "tuende kwa dokta." Nikakubali, ila si kwa kupona. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: mashine imwonyeshe mtoto wangu, dada aaibike mbele ya wapishi walewale.

Daktari alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alinipaka ute wa baridi tumboni akapitisha kile kidude cha mashine. Kwenye kioo kila kitu kilikuwa kijivu. Alisimama mahali, akapima, akahamia upande wa pili, akapima tena. Akasema tumbo la uzazi ni zima na halina kitu.

"Najua," nikamjibu. "Iko mu mugongo. Pitisha mu mugongo."

Dada akafunika uso. Daktari angeweza kunicheka, au kunifokea kwamba wagonjwa wako foleni. Alisema tu nigeuke. Akanipaka ute mgongoni, palepale palipozoea mawese, akapitisha kidude polepole kuanzia juu mpaka chini, kioo amekigeuzia upande wangu. "Hii ni figo," akasema. "Hii ni figo ingine. Hii ni mufupa." Alimaliza mgongo wote, hakuruka mahali. Kisha akanifuta kwa kitambaa.

"Hakuna mutu mwingine humu, mama. Ni weye tu."

Nililia kwa namna ambayo sijalia hata msibani. Na kitu cha kwanza nilichosema, Mungu wangu, kilikuwa: "Nimekula Ramazani muzima." Daktari, Mkristo wa watu, hakuelewa. Akaniuliza nimekula nini. Dada akaanza kucheka huku machozi yakimtoka, tukakumbatiana juu ya kile kitanda chembamba.

Walichukua damu yangu. Mirija mingine ilipelekwa mji mkubwa, maana Kasongo vipimo vile havipo, na majibu yakachukua majuma. Nilingoja kwa mama, harusi ikapita, nikawa nashona magauni ya watu na kuwaza kama nitarudi Kabambare nikiwa nani. Kule nilikuwa mwenye mimba. Bila mimba nilikuwa tu mke asiyezaa wa mtoto wa pekee, na mabinti wa Wamaza hawakuwa wameisha.

Karatasi ilipokuja niliisoma mwenyewe kabla ya daktari, kosa kubwa. Niliona neno testosterone, na mbele yake namba iliyopita mstari. Nilisoma biolojia shuleni kiasi cha kujua kwamba hiyo ni homoni ya wanaume. Nikajishika kidevu. Basi ndiyo hivyo, nikafikiri, nageuka mwanaume, na nitamwambiaje mume wangu?

Daktari alivuta kiti akakaa karibu. Aliniambia kila mwanamke anayo homoni ile, ovari zenyewe huitengeneza. Yangu imezidi kidogo, na huko kuzidi ndiko kunakoleta nywele na chunusi. Alinionyesha homoni mbili ambazo ubongo hutuma kuamuru mayai yakomae, moja ilikuwa juu kuliko mwenzake. Alinionyesha ile ya tezi ya shingo na ile ya maziwa, zote sawa; hizo alizipima ili ahakikishe si ugonjwa mwingine unaojifanya huu. Kisha insulini, inayoshughulika na sukari mwilini. Mwili wangu ulikuwa hauisikii vizuri, kwa hiyo ulitoa nyingi zaidi, na hiyo nyingi ndiyo iliyotia weusi shingoni na kuzichochea ovari zitoe homoni ya ziada. Nikakumbuka uji wa mama mkwe wenye sukari nyingi. Daktari alikataa kwamba uji peke yake ungetosha kunitia ugonjwa, ila alisema haukunisaidia.

Ugonjwa wenyewe unaitwa wa ovari zenye vifuko vingi, na hata jina hilo, alisema, linapotosha. Vile viduara vyeusi alivyoviona kwenye kioo si uvimbe wa kukatwa. Ni mayai machanga yaliyoanza kukua yakasimama. Nikamwambia kumbe ovari zangu ni kama fundi anayekata vitambaa vya nguo kumi na hashoni hata moja. Alicheka, akasema atawaambia hivyo na wagonjwa wengine.

"Usisome hii karatasi kama bulletin ya masomo, ile ya kuonyesha nani amepita na nani ameanguka," akaniambia. "Kuna mama mwenye namba kama yako, na hana hata nywele moja. Mwingine iko na ndevu, na namba yake ni ya kawaida. Ndiyo maana tunaangalia mutu, picha ya mashine na damu, vyote pamoja."

Kuhusu kuzaa hakuniahidi kitu, ila hakunifungia mlango: wengi huzaa, wengine wenyewe, wengine kwa dawa za kuamsha yai. Kwanza nipunguze sukari na unga, nitembee, ninywe vidonge vya kurudisha siku zangu. Nilivinywa siku kumi. Juma lililofuata nikaona damu. Nilikaa chooni kwa mama nikiwa na furaha na huzuni kwa pamoja, sikujua nianze na ipi. Mwili wangu ulikuwa unafanya kazi. Na mtoto niliyemsemesha miezi kumi na minne hakuwahi kuwepo.

Nilirudi Kabambare bila kitenge mgongoni. Mume wangu nilikwisha kumweleza kwa simu. Alisema nirudi nyumbani, na sauti yake ilikuwa ya kawaida. Aliyenitisha ni mama yake. Nilipofika alikuwa ameshatandika mkeka, mawese yanapashwa kwenye kifuniko. Njiani kote nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Atakapotaja mke wa pili, nilikuwa na jibu kali tayari, nimelinoa tangu Kasongo.

Nikaketi mkekani, sikulala. Nikamwambia yote kwa mkupuo: mashine, figo, damu, homoni, na kwamba hakuna mimba inayolala mgongoni, si kwangu tu, haipo. Nikamtajia dalili moja moja, shingo nyeusi, kidevu, siku kupotea mwaka mzima. Nilikuwa nasema kwa hasira, kama yeye ndiye aliyeniletea ugonjwa.

Aliyaondoa mawese motoni. Akapeleka mkono nyuma ya shingo yake, chini ya kilemba, akauacha hapo. Ndipo nikaangalia: shingo yake ilikuwa nyeusi kwa nyuma, kama yangu. Miaka yote ile nilikaa naye barazani na sikuwahi kuangalia.

"Na ya kwangu?" akauliza.

Sikumwelewa.

"Mudogo wa bwana yako. Kisha kuzaa bwana yako, sikuona tena mwezi vizuri. Bamama walisema iko mu mugongo." Alisema polepole, bila kuniangalia. "Miye nalalaka kwa upande mpaka leo. Nilimupatia jina."

Mama mkwe amepita umri wa miaka sitini. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na karatasi ya maabara, na maelezo yote ya daktari niliyajua kwa moyo. Sekunde chache tu zilikuwa zimepita tangu niseme kwamba haipo.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Dokta aliangalia mugongo yangu. Ya kwako hakuiangalia."

Alitikisa kichwa taratibu, akayatazama yale mawese yakipoa. Watoto wa jirani walikuwa wanapita na madumu ya maji. Akarudisha kilemba chake vizuri, akaniuliza kama ile mashine inaumaka.

Nikamwambia haiumi.