Fundi sufuria anayemtafuta baba kwenye ndege iliyopotea vitani

Jua halijashika makali, na fundi sufuria tayari ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wake, sufuria imelala kifudifudi mapajani kama mtoto anayengoja kuchapwa. Anaigonga kwa nyundo. Mtaa mzima unaamka, utake usitake.

"Wengine wana jogoo," anasema. "Hawa wana mimi."

Wanamwita Mama Vitako, kwa kuwa kazi yake ni kuzitia vitako vipya sufuria zilizotoboka. Jina hilo halimkeri. Lililomkera maisha yake yote ni la utotoni: mtoto wa msaliti.

Baba yake alikuwa mpima hali ya hewa jeshini. Wakati wa vita, yeye na wenzake wawili walirushwa juu ya bahari kuchungulia mawingu na upepo, ili marubani wa mabomu wajue kama kesho wataruka au watalala. Asubuhi moja ndege yao haikurudi. Jeshi lilitafuta baharini, likakosa, likaandika kwamba inadhaniwa ilivuka kwenda kujisalimisha kwa adui, ng'ambo ya maji.

"Inadhaniwa," anarudia fundi, akilitema neno kama kokwa. "Mama alinyimwa mafao ya mjane kwa 'inadhaniwa'. Mimi nikiwa bado tumboni. Akafua nguo za watu mpaka vidole vikapinda."

Alipomzika mama yake, miaka sita iliyopita, alianza kuitafuta hiyo ndege. Baba yake mdogo, mzee wa zaidi ya miaka themanini, alimkataza.

"Mwanangu, acha wafu walale."

"Baba mdogo, aliyelala ni wewe. Kaka yako anatukanwa."

Kwa vile hutembeza kazi yake kijiji hadi kijiji, akawa anauliza kila anakopiga nyundo. Kwenye kilima kimoja, upande wa huku wa bahari, karibu na palipokuwa uwanja wa ndege za jeshi, majibu yalikuwa mafupi mno. Aliuliza kama yupo aliyeona ndege ya serikali ikianguka. Kinamama wakatazamana.

"Ndege? Hapa tunaona kunguru tu."

Leo anajicheka. "Nilikwenda nimevaa koti, kalamu sikioni, naulizia mali ya serikali. Hata ningekuwa mimi, ningejiuliza huyu katumwa na nani."

Safari iliyofuata kalamu ilibaki nyumbani. Alimwambia bibi mmoja, mteja wake, kwamba anamtafuta baba yake: mtu mrefu, mwembamba, mwenye pengo la meno ya mbele, kama alivyosimuliwa na mama.

Bibi aliiweka sufuria yake chini. "Mwenye pengo tulimlaza wa mwisho," akasema. "Shimo lilikuwa fupi, ikabidi tulirefushe."

Siri ilikuwa hivi. Ndege ilikigonga kilima ndani ya ukungu, ikirudi kutoka baharini. Wanakijiji waliwazika wale watatu kwa heshima zote. Bati la ndege walilikata, wakafua sufuria. Askari walipopita wiki kadhaa baadaye wakitangaza kwamba atakayekutwa na mali ya jeshi atafungwa, mabawa yalikuwa yameshafika jikoni. Kilima kikafunga mdomo, hadi wajukuu.

"Bawa moja limepikia harusi zetu zote," bibi alimwambia. "Tungesema nini? Kwamba ndege yenu tunaila?"

Kwa fundi, ubishi uliishia hapo: anayekimbilia ng'ambo hafii mlangoni kwake. Akaenda ofisi ya kumbukumbu za vita, mjini. Ofisa, kijana mpole, alimsikiliza, kisha akamwambia jalada litafunguliwa upya akileta vipande vya ndege. Yaani sufuria, pamoja na majina ya wenye nazo.

"Nikamwambia, mwanangu, hao walimzika baba yangu wakati nyinyi mnamtukana. Leo niwalipe kwa kuwapeleka mahakamani? Makaburi yapo, panda ukayaone. Akasema njia ni mbaya. Nikamwambia kweli, hata baba yangu alipata tabu kufika."

Ofisa hajapanda mpaka leo, na fundi hamngoji. Kazi yake humpa mlo mmoja siku mbaya na miwili siku njema, lakini amenunua kipande cha bati jipya. "Na risiti ninayo, wasije wakasema nalo ni la jeshi." Kila jioni anagonga herufi mbili tatu. Jina la baba yake limekwisha. Chini yake anaandika: Alikuwa anarudi nyumbani.

Ijumaa ijayo atalisimamisha kaburini. Baba yake mdogo, aliyeapa kutotia mguu, juzi aliulizia kama kilima kina mteremko mkali. "Nauliza tu," akasema.

Na ofisi ikituma watu wakaling'oe, maana jalada lao bado linasema vingine?

Fundi anainua sufuria, anaitazama juani kutafuta tundu.

"Waling'oe," anasema. "Mimi ni fundi. Nitagonga jingine."