Kipima Maji na Mama Mkwe

Enzi zile za ruksa kila kitu kilikuwa kinaingia Kiranjeranje: mitumba, redio za kaseti, mwisho wakaja wataalamu wakasimika mlingoti mtoni. Juu yake palikuwa na jicho la kuangalia maji. Mto ukijaa, jicho linarusha habari hewani, bila waya, hadi kwenye sanduku dukani kwangu, nalo linapiga king'ora. Wakasema iko siku zitakuja na mashine zinazotembea zenyewe, kutafuta watu kwenye mafuriko.

"Zije zitufukuzie ndege wa mpunga kwanza," akasema mama mkwe. Maneno hayo niliyapata kwa mke wangu, maana kwetu mtu na mama mkwe wake hawasemezani. Tukikutana njiani mimi naingia kichakani, yeye anajifunika khanga usoni.

King'ora cha kwanza kilikuwa cha bure. Mtu alitoa mtoni gunia la muhogo aliouloweka, akalitundika mlingotini lichuruzike, hapo hapo chini ya lile jicho. Jicho likadhani maji yamepanda! Watu wakayakimbia mashamba yao ya ng'ambo ya mto, ndege wakala mpunga wakashiba. Mama mkwe akaapa hatoki tena kwa kelele za sanduku.

Wakati wa mavuno likalia tena. Nikakimbia mtoni. Gunia hakuna, maji ya tope yanapanda kweli. Wenzake mama mkwe walishavuka wote, yeye kang'ang'ania kule ng'ambo, anavuna. Mke wangu alikuwa Lindi. Nani anisemee? Nikavuka, roho mkononi.

"Mama! Toka humo!"

Nilimfokea mkwe, mimi! Akashtuka, akaanza kutafuta khanga ajifunike.

"Achana na khanga, utakufa!"

Nikamwinamia, akapanda mgongoni. Wallahi niliogopa aibu kuliko maji, mpaka yaliponifika kiunoni. Hapo nikaogopa maji.

"Kanyaga kushoto," akaninong'oneza. "Kulia pana shimo."

Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu nimuoe binti yake. Tulipofika ukingoni akaniangalia usoni, uso wazi, huku nyuma shamba lake linakwenda na maji.

"Kumbe ndiwe! Mbona umekonda hivi? Mwanangu hakulishi?"

Nikacheka hadi nikakaa chini.

Kesho yake mke wangu akarudi. Akamkuta mama yake jamvini kwangu, tumeshiriki sinia moja, ananitolea samaki miiba. Akasimama mlangoni na mzigo kichwani.