Mshenga wangu wa Kibelgiji aliulizwa kama anakunywa, akasema hanywi. Nusura nikose mke Ngara

Wakuu, nawasalimu nyote, wenye akaunti na nyie mnaosoma kwa kuchungulia bila kujisajili.

Leo mvua imekaza, nyuki hawatoki na mimi sitoki, nikaona niwape hiki kisa. Kilinikuta mwenyewe na sijakiongezea chumvi. Wale wa "weka picha" mpite kushoto, picha ziko kwenye simu ya mke wangu na ina password.

Mimi ni Msukuma wa Biharamulo. Kazi yangu ni nyuki: natengeneza mizinga, narina asali, nafundisha vikundi vya wafugaji. Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja wa Kibelgiji, tunamwita Mzee Jefu.

Huyu mzee yuko Kagera tangu mimi sijazaliwa. Ugali anakula kwa mkono, matusi ya Kisukuma anayajua yote, na mtu akipiga kelele "mzungu!" naye anageuka kumtafuta huyo mzungu.

Zamani alikuwa mvutaji wa sigara, na siyo mvutaji wa mchezo. Sigara moja ilikuwa inawasha nyingine. Kifua kikaanza kumsumbua, daktari akamgombeza, akahamia kwenye vape. Kile kidude cha kuchaji kinachotoa mvuke. Akasema anapumua vizuri, usiku halali tena ameketi.

Sasa hapo ndipo lilipo tatizo lake na dunia.

Kila akienda kwao kusalimia anarudi na hasira. "Wamepiga marufuku vape za kutumia na kutupa! Sasa wanataka na ladha wazitoe! Lakini sigara? Sigara iko palepale dukani, imekaa kama bibi harusi!" Hotuba hiyo nimeisikia garini, msituni, hata tukiwa tumevaa nyavu usoni na nyuki wanatuzunguka. Naweza kuitoa mwenyewe bila kukosea.

Tuendelee.

Basi bwana, nikampata Odilia. Mhangaza wa Mugoma, huko Ngara, mwalimu wa shule ya msingi. Nilienda kufundisha kikundi cha akina mama wa kule, naye alikuja kumsindikiza mama yake. Nikafundisha mzinga huku macho yako kwingine. Niliumwa na nyuki kwenye sikio siku hiyo na wala sikusikia.

Tukapendana. Ikabaki posa.

Baba yake, Mzee Petero, ni katekista. Nyumbani kwake pombe ni marufuku, tumbaku ni marufuku, na hapindiki. Kuna jamaa alitangulia kabla yangu, mshenga wake alinuka sigara tu, wakarudishwa na kreti zao za soda. Zikapakiwa tena kwenye pikapu mbele ya majirani.

Odilia akaniambia kwenye simu: "Ukirudishwa, ndiyo basi. Nakupenda, lakini mzee wangu siwezi kumkimbia."

Wakuu, usiku ule sikulala.

Baba yangu alishatangulia mbele za haki. Baba mdogo yupo, lakini mbele ya watu anakauka mdomo. Akasema: "Mwite Mzee Jefu. Amekulea kikazi, maneno anayo, na amekaa nchi hii kuliko wewe." Nikaona wazo zuri. Pombe Jefu alishaiacha miaka mingi kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, na sigara hana.

Nikamwambia tu: "Mzee wangu, leo hicho kidude kibaki garini." Akasema sawa, sawa, kijana.

Tukafika Mugoma, mimi, Jefu na baba mdogo, kreti za soda ziko garini, tumejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mzee Petero akatupokea mlangoni. Akamwamkia Jefu shikamoo, Jefu akaitika marahaba kwa sauti kama mzee wa ukoo. Nikaanza kupumua.

Kisha Mzee Petero akauliza: "Samahani mzee wangu, kabla hatujaingia. Wewe unakunywa?"

Jefu akajibu bila hata kupepesa: "Sinywi, baba. Niliacha kabisa."

"Hata kidogo?"

"Hata kuonja."

Mzee Petero akafurahi, akamshika mkono kwa mikono miwili. Mimi nyuma nimebeba galoni la mtobe, ile juisi ya ndizi mbivu isiyochachuka, natabasamu kama nimeshaoa.

Sasa wakuu, hapa nisimame kidogo kwa faida ya nyie wa mikoa mingine.

Kwa Wahangaza, kama ilivyo kwa ndugu zao Warundi, tumbaku haivutwi. Inanywewa! Sigara inanywewa, kiko kinanywewa. Ukisikia mtu "anakunywa", inaweza kuwa pombe, inaweza kuwa moshi. Mzee Petero aliuliza vyote kwa neno moja. Jefu akajibu kimoja. Na mimi Msukuma wa watu sikujua lolote.

Tukala. Ndizi, maharage, nyama ya mbuzi, hakuna aliyelala njaa. Mtobe ukawekwa katikati ya sebule haujaguswa, maana kwa desturi hauguswi mpaka binti aulizwe.

Baada ya chakula Jefu akaomba kwenda uani. Akakaa.

Akakaa sana.

Baba mdogo ananitazama, mimi natazama dari. Mara Mzee Petero akainua pua juu. Akanusa. Akanusa tena.

"Mama Odilia," akaita, "nani anapika maembe?"

Haukuwa msimu wa maembe, wakuu. Moyo wangu ukadondoka mpaka kwenye soksi.

Tukatoka wote. Nyuma ya jiko, juu ya migomba, kulikuwa na moshi wa aina mbili unapanda. Mmoja mzito wa kijivu, mwingine mweupe kama mvuke wa sufuria. Tukasogea. Tukamkuta Mzee Jefu amekaa kwenye gogo, vape mkononi, na pembeni yake Bibi, mama mzazi wa Mzee Petero, na kiko chake mdomoni. Wanacheka!

Bibi ana miaka zaidi ya themanini na kiko amekianza akiwa msichana. Mwanawe alishindwa kumkataza, akampangia gogo nyuma ya jiko. Pale ndipo makao yake. Jefu alifuata harufu akapata mwenzake.

"Uliniambia hunywi!" Mzee Petero sauti inatetemeka. "Mlangoni kwangu! Mtu mzima!"

"Sinywi!" Jefu naye kashangaa. "Pombe sigusi!"

"Nani ameuliza pombe?"

Nilimwona Odilia dirishani ameziba mdomo kwa kanga. Nikaanza kuona kreti zangu zinapanda kwenye gari.

Mama Odilia, Mungu ampe maisha marefu, ndiye aliyegundua. Akasema: "Baba Odilia, hawa kwao moshi hawaunywi. Wanauvuta. Huyu mzee hakuelewa swali."

Hapo uwongo ukafutika, lakini tumbaku ikabaki. Mzee Petero akasema neno halikuwa baya, sawa, lakini sheria ya nyumba ni sheria, na mvuke ni moshi uliooga.

Wakuu, hapo ndipo Jefu angenyamaza tungekuwa tumeokoka. Weee! Akasimama, akatoa ile hotuba.

"Baba Odilia, nyumba yako ni kama serikali ya kwetu! Sigara imeniharibu kifua, inauzwa. Hiki kimenitoa kwenye sigara, kinakamatwa. Kiko cha mama kina gogo lake la heshima. Changu kimezaliwa jana, kinafukuzwa. Sisemi ni kizuri. Lakini unamfungia mtu mlango wa kutokea, wa kuingilia umeuacha wazi!"

Baba mdogo akaninong'oneza: "Tuwashe gari?"

Lakini Mzee Petero hakufoka. Akamjibu taratibu, na mimi mpaka leo jibu lake naliheshimu.

"Mzee wangu, kiko cha mama kinanuka, kinachoma, kinakohoza. Hakuna mtoto hapa anayekitamani. Chako kinanuka embe. Mtoto akinusa embe anafanya nini? Analamba!"

Jefu akaitazama vape yake. "Hapo umenipata," akasema.

Bibi alikuwa anawasikiliza. Akatoa kiko mdomoni.

"Kwa hiyo mimi ndiyo sigala iliyoachwa dukani?"

Watu wakaanza kubana kicheko. Bibi akaendelea, mkono ameunyoosha kwa mwanawe: "Petero. Toa ugolo."

Mzee Petero akaushika mfuko wa shati.

"Mama, tafadhali."

"Toa ugolo ulio mfuko wa shati. Wageni waone."

Katekista wa watu akatoa kikopo kidogo cha ugoro, uso ameuinamisha. Akajitetea: "Ugoro haunywewi, mama. Unanuswa."

Loh! Mama Odilia alikaa chini kabisa kwa kucheka. Baba mdogo, mtu asiyesema mbele za watu, akapiga kelele "Hanywi!" Jefu anafuta machozi, anasema: "Ndiyo serikali zote! Kila mmoja anakataza cha mwenzake!" Na Mzee Petero mwenyewe mabega yakaanza kumcheza, akashindwa, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Bibi akaomba ungo. Akaweka kiko chake. Akamwambia Jefu weka, akaweka vape. Akamwambia mwanawe weka, akaweka ugoro. "Twendeni ndani tumalize neno la mtoto. Hakuna wa kunywa wala kunusa mpaka liishe."

Sasa wakuu, nyie mliooa mnajua mazungumzo ya mahari yanavyovutwa. Mtu anakohoa, mtu anatoa methali, mtu anaomba kwenda kuteta na ukoo. Yanaweza kumaliza siku nzima na msielewane.

Sisi yetu yaliisha kabla chai haijapoa!

Wazee watatu wanateseka, macho yako kwenye ungo. Jefu anagonga vidole kwenye goti. Mzee Petero anajishika pua kila mara. Tukifika kwenye ng'ombe, baba mdogo anaanza kujikuna kichwa, Bibi anafoka: "Pitisheni! Ng'ombe ni ng'ombe!" Shangazi wa Odilia akataka kuongeza blanketi na majembe, Mzee Petero mwenyewe akamkatiza, "Yatosha, dada, yatosha." Sijawahi kuona uraibu unamsaidia masikini kama siku ile.

Ikabaki jambo moja. Odilia akaitwa.

Akaja amefunikwa kanga, akapiga magoti mbele ya baba yake. Mzee Petero akamuuliza kama inavyotakiwa: "Mwanangu, wageni hawa wameleta kinywaji. Unawajua? Tunywe, au tuwarudishie?"

Wakuu, lile ndilo swali lenyewe. Akisema warudishiwe, ng'ombe wote waliokubaliwa ni hewa.

Odilia akainua macho. Akaniangalia mimi. Akaangalia mtobe. Akaangalia ungo, akawaangalia wazee watatu mmoja mmoja, wameinama mbele kama wanafunzi wanaosubiri kengele.

"Nawajua," akasema. "Mtobe, nyweni."

Vigelegele! Mashangazi wanaruka! Mikono mitatu ikaenda kwenye ungo kwa pamoja.

Odilia akauwahi. Akaunyanyua ungo wote na vilivyomo, akaupachika kiunoni.

"Hivi, hapana. Nataka mnione nikizaa, muwabebe watoto wangu na kuwatania. Sitaki kuwazika mmoja mmoja kwa kifua." Akaingia nao chumbani, akafunga mlango kwa ndani.

Mzee Petero akanigeukia, akaniwekea mkono begani, na kwa mara ya kwanza akaniita mwanangu.

"Mwanangu," akasema, "umeona mwenyewe. Huyo ndiye unayemchukua."

Nikasema nimeona, baba. Na nilikuwa nalia, wakuu, sitaki kuwaficha. Nalia huku nacheka.

Mengine kwa kifupi. Bibi alirudishiwa kiko jioni ileile, maana alimwita mjukuu wake kwa majina yote ya ubatizo mpaka mlango ukafunguka. Mzee Petero ugoro wake hajauona tena, na anadai hautafuti. Jefu alirudi Biharamulo anatafuna karanga njia nzima, kanisumbua vibaya, na kila tulipopita duka aliangalia sigara kama mtu anayemwona mchumba wa zamani. Hakununua. Vape alikuja kununua nyingine, sikatai, lakini haina embe wala harufu yoyote, na siku za kuja kwetu haiji nayo.

Bado anapinga marufuku za kwao, hotuba bado naisikia. Ila anasema katika maisha yake ametungiwa sheria nyingi na watu wasiomjua, na ya Odilia ndiyo pekee aliyoitii kwa hiari, kwa sababu aliyeitunga alikuwa anamtaka awe hai.

Funzo langu ni dogo. Ukienda kuposa ugenini, jifunze vitenzi vyao kabla ya kubeba kreti. Na ukitaka kumkataza mtu kitu, kwanza aone kwamba unampenda.

Sasa semeni nyie. Hizi vape zifungiwe na sigara iachwe, au vyote viende kwenye ungo? Na kwenu tumbaku inavutwa, inanywewa, au inafanywaje? Matusi napokea, ila ya Kisukuma muandike vizuri, Mzee Jefu ndiye atakayesahihisha.